Paa Kabla ya Ukuta

Mkaazi wa visiwani hahitaji kufundishwa baraza ni nini. Ameikalia tangu utotoni. Juu ya sakafu ile moja ya mawe na chokaa amekunywa kahawa, ameshonewa kanzu, amenunua kashata, amesikiliza shairi, na pengine amepatanishwa na jirani aliyekuwa hasemi naye. Wala hapana aliyepata kumwuliza iwapo baraza ile ni ya makazi, ya biashara au ya starehe. Swali hilo huulizwa na ramani, na aghalabu ramani ndiyo inayokosea. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejaa nyumba ambazo chini ni duka, nyuma ni ghala, juu ni jamaa na watoto wao, na mbele ni baraza isiyokuwa na jina moja la kazi.

Habari inayoelezwa hapa, hata hivyo, si ya Unguja. Ni ya pwani nyingine, pwani ya maji matamu, mahali ambapo ngarawa haina matanga na samaki hana chumvi. Makwale ni kata mojawapo ya Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, katika uwanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mashariki imesimama Milima ya Livingstone, mikavu ya sura na mikali ya mteremko. Kaskazini uko Mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000. Upepo wenye unyevu ukitoka ziwani hukuta njia imezibwa, ukapanda, na kule juu hutua mzigo wake. Ndiyo sababu Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam hupata kiasi cha nusu yake. Baina ya Machi na Mei mvua huko hainyeshi, humwagwa. Mpunga huipenda, migomba huipenda, mikakao na michikichi huipenda. Fundi mwenye kitambaa cheupe mkononi haipendi.

Fundi cherehani mmoja, mzaliwa wa huko, alirejea Makwale baada ya kushona Dar es Salaam kwa miaka mingi. Alirudi na vyerehani viwili, akiba isiyokuwa haba, na karatasi ya mirabaraba aliyoikunja mara nne. Katika karatasi hiyo alikuwa amechora jengo la fremu sita. Msomaji wa Bara anaijua fremu: chumba kimoja chenye mlango wa chuma unaotazama barabara, kuta tatu zisizokuwa na dirisha, na mpangaji anayetakiwa kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla hajauza hata sindano. Fremu moja angekaa yeye mwenyewe. Tano zilizosalia angezipangisha. Kiwanja kilikuwa cha marehemu baba yake, kando ya njia iendayo ziwani, na katikati yake palikuwa na mwembe.

Chini ya mwembe huo aliketi shangazi yake. Bibi huyu alikuwa akiuza vyungu vya Wakisi, vile vinavyofinyangwa na wanawake wa Ikombe, chini ya milima, bila ya gurudumu, kwa kuzungushwa mkononi juu ya kigae mpaka mdomo wa chungu utimie mviringo. Vyungu hivyo hushushwa kwa mitumbwi hadi Lyulilo, karibu na Matema, penye soko la Jumamosi linalojulikana mbali, na kutoka hapo husafiri nchi kavu kwenda kila upande. Miaka yote hiyo shangazi hakuwa na fremu, wala kibali cha fremu. Alikuwa na kivuli.

Fundi akamkunjulia karatasi.

"Shikamoo shangazi. Tazama nilivyochora."

"Marahaba, baba." Alitazama muda mrefu, kwani hakuwa na miwani. "Huu mviringo ni nini?"

"Huo ni mwembe. Utakatwa."

"Na mimi?"

Hakuwa ameuchora mviringo wa pili. Akasema kwamba fremu ya mwisho ingeweza kuwa yake, kwa kodi ya kindugu. Shangazi akauliza: chungu kikiwa ndani ya chumba chenye giza, mpita njia atakigongaje kwa kidole asikie kama kimeungua sawasawa au kina ufa? Naye fundi, ambaye amepima mabega ya watu wengi kuliko anavyoweza kuwahesabu, hakuwa na jibu.

Waama, kosa la fundi si lake peke yake. Serikali, halmashauri na matajiri wenye nia njema wamelirudia kwa saruji nyingi zaidi. Jengo la Machinga Complex katika Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, lililoanza kutumika mwaka 2010 kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, lilikusudiwa kuwaondolea wachuuzi adha ya jua na ya mgambo. Vizimba vilipangwa ghorofa juu ya ghorofa. Lakini mnunuzi wa soksi hapandi ngazi kuzifuata soksi. Soksi ndizo humfuata yeye pale anaposubiri daladala. Kwa miaka mingi vizimba vingi vya juu vilikaa vitupu, na waliopewa walirudi barabarani. Aliyelichora alihesabu wachuuzi. Hakuhesabu nyayo za wapita njia.

Fundi alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Alikuwa pia ameona, karibu kila siku, jengo lililofikiriwa kwa namna nyingine kabisa: Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Mtu akisimama ndani yake huona kwanza paa, miavuli mikubwa ya zege iliyokaa juu ya nguzo, mipana juu na myembamba chini, inayoyapokea maji ya mvua na kuyateremsha ndani ya nguzo yenyewe. Kuta ni kidogo. Hewa hupita, mwanga hupita, na chini ya miavuli hiyo meza za wauza viungo, mbegu na mboga zilikuwa zikisogezwa kwa mujibu wa siku na msimu. Soko hilo liliungua Julai 2021, likahitaji ukarabati mkubwa. Lakini fikra yake haikuungua. Ni fikra ya mti. Amuli alijenga miembe ya zege.

Jirani zetu wa Nairobi nao walilifikia jambo hilo kwa njia yao. Mafundi wa Kamukunji, wenye kugonga mabati na mapipa yawe majiko na masanduku, waliitwa "jua kali" kwa sababu ndilo paa walilokuwa nalo. Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mwishoni mwa mwaka 1985 aliahidi kivuli, na mabanda yakafuata: paa juu ya nguzo, na hewa pande zote. Wapo waliolalamika kwamba ni kidogo mno, na walikuwa na haki. Hata hivyo lililotolewa lilikuwa lile la kwanza kuhitajika, na mengine fundi wa bati hujua kujiongezea.

Basi fundi wa Makwale akaligeuza karatasi upande wa pili.

Aliyoyachora safari hii yanastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa uzuri wake umo katika mambo madogo. Paa moja refu lenye miteremko miwili, likilala mashariki kwa magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige ncha zake fupi tu na fundi wa sindano apate mwanga uliotulia mchana kutwa. Upenu wa mita moja na nusu kila upande, na ule unaotazama ziwani mrefu zaidi, kwa sababu mvua ya huko huja ya kiubavu. Sakafu imeinuliwa juu ya ardhi kiasi cha nusu mita. Uwanda wa Kyela ni tambarare, mito yake mingi, na maji yakikosa pa kwenda huingia dukani bila ya kubisha hodi. Chini ya mabati, dari ya matete yaliyofumwa. Dari hiyo si pambo. Mtu aliyewahi kuwa chini ya bati tupu mvua ya Aprili inapoanguka anajua kwamba hapo hapana bei inayoweza kusemwa wala kusikiwa. Muuzaji na mnunuzi huonyeshana vidole tu kama mabubu.

Kuta ndizo zilizompa taabu. Kila kazi ina tabia yake, kama watu, na si kila tabia hukaa na mwenziwe. Cherehani hutaka usafi. Mashine ya kukoboa mpunga hutoa vumbi na mtetemo, na injini ya dizeli hutoa moshi. Fundi wa kuchomelea hutoa cheche, na cheche na kitambaa ni habari ya moto. Mbeya mjini wanaijua habari hiyo: Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na wafanyabiashara waliohamia eneo la Sido wakaunguliwa tena mwaka 2011. Kakao nayo ni mpokezi wa kila harufu. Punje zake huvundikwa kwa siku tano hadi saba, kisha huanikwa juani kwa kiasi cha juma moja au zaidi, na zikipitiwa na moshi hubeba ladha ya moshi hadi kwenye chokoleti ya mtu wa Ulaya asiyejua Makwale iko wapi. Kwa hiyo kuchanganya kazi si kuzimwaga zote katika sinia moja kama pilau. Ni kujua ni ipi ikae upande unaotoka upepo na ipi upande unaokwendea.

Akachora kuta mbili tu za matofali, zote katika ncha ya magharibi. Baina yake akaweka vyumba vinne vidogo vya kufungwa kwa kufuli, vyembamba kama makabati, kwa ajili ya usiku: humo huingia vyerehani, vyungu, misumeno na magunia. Hii ndiyo siri ambayo mchoro wa kwanza haukuijua. Mwenye kazi ndogo hahitaji chumba cha kukaa mchana kutwa. Anahitaji chumba cha mali yake kulala. Mchana yeye yuko nje, panapoonekana. Ukitenganisha mahitaji hayo mawili, eneo la fremu moja hutosha watu wanne, na kodi hugawanyika vivyo hivyo.

Sehemu iliyobaki ilikuwa wazi, nguzo kwa nguzo. Baina ya nguzo palitundikwa, katika mchoro, vikuta vya matete vya kusogezwa: leo fundi seremala ana milango kumi ya kutengeneza, anapewa nafasi mbili, kesho hana kazi, nafasi moja anachukua mama mwenye sabuni ya mawese. Uwanja wa mbele ulilazwa saruji yenye mteremko mdogo. Mei hadi Julai, mpunga unapovunwa, ni uwanja wa kuanika. Kakao inapoingia, ni mahali pa vichanja vinavyobebwa na watu wawili na kukimbizwa chini ya paa wingu likitokea mlimani. Jioni ni mahali pa viti. Jina la kazi hubadilika, sakafu haibadiliki.

Wasanifu wa miji mikubwa siku hizi huyaandika mambo haya kwa maneno mazito na hulipwa vizuri. Hakuna ubaya. Lakini Unyakyusa ulikuwa na elimu yake. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alistaajabia unadhifu wa nyumba za huko na migomba iliyozizunguka. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938, walikuta mila ambayo haina mfano wa karibu kokote: wavulana wa rika moja, wakifika umri wa miaka kumi hivi, walitoka katika vijiji vya baba zao, wakajenga vibanda na kuanzisha kijiji chao, wakilala huko na kurudi kwa mama zao kula. Walioanza na vibanda vya watoto waliishia na kijiji cha watu wazima wenye wake na ng'ombe. Kijiji kilikua pamoja na wenyewe. Mianzi na udongo viliwaruhusu. Hapana aliyeanza na msingi wa zege kwa nyumba ambayo bado hakujua itakuwa kubwa kiasi gani. Kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji hivyo kilitoka mwaka 1951, na mhimili wake ni neno la Kinyakyusa *ukwangala*, yaani kufurahia ujirani wa watu, kukaa pamoja kwa mazungumzo na chakula. Mtu wa Unguja angelitafsiri kwa urahisi. Angesema: barazani.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikwenda kama maji ya mtoni. Ukwangala haulipi umeme. Ugomvi wa kwanza ulizuka kabla ya nguzo ya kwanza kusimama, na ulihusu LUKU. Fundi wa kuchomelea aliyekuja kuulizia nafasi alitaka mita moja ya wote, gharama igawanywe kwa vichwa. Mama wa sabuni, ambaye humo hatumii hata taa, akacheka kicheko kisichokuwa cha furaha. Mashine moja ya kuchomelea ikifanya kazi asubuhi moja hula uniti ambazo cherehani haiwezi kuzimaliza kwa siku nyingi. Ikakatwa shauri kwamba kila mwenye mashine nzito awe na mita yake, na taa za pamoja zilipwe kutoka katika kodi. Ni jambo dogo hilo, nalo huvunja majengo ya ushirika mapema kuliko mchwa.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa kodi yenyewe, na huu fundi aligombana na nafsi yake. Fremu sita zenye kodi ya miezi sita zingemrudishia akiba yake kwa muda anaoujua. Nafasi za kulipiwa kwa juma, au kwa siku ya soko, au baada ya mavuno, zingemrudishia kwa muda asioujua. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili na mtoto wa mwisho sekondari. Ni rahisi kwa mwandishi wa makala kusifu uwazi na ukarimu. Akiba si ya mwandishi. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, limejenga mabanda katika mikoa kwa sababu hii hii, kwamba mtu mmoja hawezi kubeba hasara ya kungojea. Makwale hakuna banda la aina hiyo katika kiwanja cha baba yake. Palikuwa na yeye.

Alipata usingizi siku aliyoamua kugawa: upande wa barabarani fremu mbili za kawaida, zenye milango ya chuma na kodi ya kawaida, moja ya duka la pembejeo na moja ya wakala wa fedha za simu, nyuma yake na kando yake, paa lile refu la nguzo. Fremu mbili zilipie saruji, paa lilipie watu. Mpenda usanifu safi atasikitika, kwa kuwa jengo hilo sasa lina sura mbili, kama mtu aliyevaa koti juu ya msuli. Lakini nyumba za Mji Mkongwe nazo zina sura ngapi?

Ulibaki mwembe. Paa refu lilipita juu yake katika mchoro wa pili, maana fundi, hata baada ya yote hayo, alikuwa bado anauhesabu kuwa kizuizi. Akamwendea shangazi kwa mara ya tatu, akakuta amepanga vyungu kwa ukubwa, mdogo mbele, mkubwa nyuma, vinywa vyote vikitazama barabara.

"Shangazi, paa likikatika hapa katikati, likawa mapaa mawili, mwembe ubaki baina yake, maji ya pande zote mbili yatakumwagikia wewe."

"Yatamwagikia wapi hasa?"

Akamwonyesha. Michirizi miwili, mmoja wa kila paa, ikishuka kwenye mtaro mmoja penye mizizi.

Shangazi alinyanyuka kwa kujikongoja, akachukua chungu kikubwa kuliko vyote, kile kisichonunuliwa mpaka pawe na harusi au msiba, akakiweka chini mahali hasa kidole cha fundi kilipokuwa kimeelekea. Akarudi akaketi.

"Ndaga, baba," akasema. "Chimba nguzo zako. Huo mwambie fundi wa paa aushushe polepole."

Mashimo ya nguzo yalichimbwa mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa kavu. Kumi na manane kwa jumla: manane upande wa kaskazini wa mwembe, kumi upande wa kusini. Fundi aliyapima yeye mwenyewe kwa utepe wake wa kushonea, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na kipimo, na utepe huo una urefu wa mita moja na nusu tu, hivyo kazi ilimchukua siku mbili.